YAH: Malalamiko kuhusu tela la farasi lisilolingana na gari langu

Usa River, Arusha
12 Juni 2024

Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi nilifika yadi kwenu na Hilux yangu ya dizeli ya mwaka 2006. Sikufuata tela zuri, nilifuata tela ambalo gari hili linaliweza. Nilimfungulia kijana wenu wa mauzo kitabu cha gari, nikamwonyesha kwa kidole: mwisho wa kuvuta tela lenye breki ni kilo 2,250. Nikamwambia farasi wangu ni wawili, mmoja kilo 450, mwingine 500. Akajibu kwamba tela lile, lililotoka Uingereza, likiwa tupu lina kilo 900. Akapiga hesabu kwenye simu: "Mzee, hapo una chenji ya kilo 400." Nikalipa shilingi milioni 14.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Moshi. Gari lilivuta kama nimesahau kuachia hendibreki. Kwenye mteremko wa Kikafu mambo yakageuka: tela likaanza kunisukuma, nikashuka kwa gia ya pili hadi darajani huku farasi wakipiga mateke ukutani.

Kesho yake nililipeleka tupu kwenye mizani ya ghala la mahindi. Kilo 1,380! Ongeza farasi wawili, tayari ni 2,330, na hapo sijaweka tandiko, maji wala nyasi.

Nilipoinua mpira wa sakafuni nikaona sababu. Mbao zilishaoza kwa mkojo, na badala ya kuzibadilisha mtu amechomelea bamba zito la chuma juu yake, kisha akafanya hivyohivyo kwenye mlango wa nyuma na kuta. Kibao cha kiwandani kweli kinasema 900, lakini kiliandikwa kabla ya kazi ya huyo mchomeleaji. Breki nazo ni jina tu: ile fimbo ya mbele, inayotakiwa kurudi nyuma gari linapopunguza mwendo ili ivute nyaya za breki, imeganda kwa kutu.

Nakiri uzembe wangu. Farasi simlipii kabla sijamfungua mdomo. Tela nililitazama rangi.

Nilipowapigia simu mlinishauri nibebe farasi mmoja mmoja. Ningetaka tela la farasi mmoja ningelinunua, lilikuwepo palepale yadini kwa nusu ya bei. Kutengeneza breki pia sikatai kwamba kunawezekana, ila hakupunguzi kilo hata moja.

Naomba nirudishiwe fedha zangu zote, au nipewe tela jingine litakalopimwa kwenye mizani mbele yangu, ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Nimeambatisha nakala ya risiti, karatasi ya mizani na picha za sakafu. Tela lipo kwangu, nimeliwekea mawe magurudumuni. Mkija kulichukua, njooni na gari linaloliweza.

Wenu,
Mteja