Barua kwa mwanangu Zuhura, kabla hujanunua pikipiki ya mbio

Assalaam alaikum mwanangu,

Ujumbe wako kwamba unataka kuanza mbio za pikipiki nimeusoma, na mama yako kausoma baada yangu, akanyamaza mpaka chakula cha usiku. Hatukukatazi. Una kazi yako, una leseni yako ya pikipiki, na ni mimi niliyekuwa nikikupeleka Mallory Park, ule uwanja wa mbio wa Uingereza, ungali mdogo, ukakaa nyuma ya uzio na juisi yako huku mimi nimeshika bendera. Mapenzi haya umeyatoa kwangu, kwa hiyo nina haki ya kukuambia zile pauni 4,000 ulizodunduliza uzitumieje.

Kwanza, achana na ile cc 600 uliyonitumia picha yake. Ni nzuri, sibishi. Lakini anayeanza mbio kwa akiba yake mwenyewe hujiuliza jambo moja tu: ikilala kwenye changarawe Jumapili ikavunjika isitengenezeke, Jumatatu nitaamka na deni? Kama jibu ni ndiyo, hiyo si pikipiki yako. Utaanguka, Zuhura. Watu wote niliowafahamu vizuri kule padoki, wanakoandalia pikipiki, waliwahi kuanguka, wepesi na wazito, wapya na wakongwe. Na mtu aliyepanda chombo asichoweza kukipoteza huwa anakibembeleza: mikono inakakamaa, macho yanaangalia tairi la mbele badala ya kutazama kona inakoishia, na hapo ndipo anapoanguka kweli.

Tafuta Suzuki SV650 ya zamani, zile za kabureta zilizoanza kutoka mwaka 1999. Injini yake ni ya silinda mbili zilizokaa kama V, cc 645, inavuta vizuri tangu chini na inavumilia makosa ya mkono wa mwanafunzi. Klabu ya Bemsee, ile iliyoanzishwa mwaka 1909 enzi za Brooklands, ina daraja la pikipiki hizi wanaloliita Minitwins, na sheria zake zinabana marekebisho ili mwenye pesa asiwashinde wenzake kwa pesa tu. Udhaifu wake mkubwa ni shokapu za mbele, ni laini mno, ukifunga breki kwa nguvu pua inazama. Ndiyo maana nakusihi ununue iliyokwisha kuandaliwa, kwa mtu anayeacha mbio. Huyo keshabadilisha springi, keshaweka mabodi ya mbio, yaani vile vifuniko vya nje, na beseni la kukingia oili chini ya injini, na mara nyingi hukupa na rimu za akiba zenye matairi ya mvua. Ukiamua kuiandaa mwenyewe kutoka pikipiki ya barabarani, vitu hivyo kimoja kimoja vitakula fedha kuliko bei ya pikipiki nzima. Nimeona vijana wakimaliza msimu wote gerejini.

Pikipiki isizidi nusu ya fedha zako. Inayobaki, toa kwanza ya kukinga mwili: suti ya ngozi ya kipande kimoja, kinga ya mgongo na ya kifua, buti, glavu zinazofika juu ya kifundo cha mkono. Suti ya mtumba naikubali, mradi uikague mishono kwa vidole, hasa mabegani, viwikoni na makalioni; mshono ukifunguka ngozi haina kazi. Helmeti ya mtumba siikubali hata ukipewa bure. Huwezi kujua imegonga nini, na ufa wa ndani hauonekani. Nunua mpya, yenye stika ya dhahabu ya ACU, chama kinachosimamia mbio za pikipiki huko Uingereza, la sivyo wakaguzi wataikataa.

Kuhusu leseni ya mbio: jiunge na klabu iliyo chini ya ACU, kapime macho, halafu uhudhurie ile siku ya mafunzo ya washindani wapya, wanayoiita CTC, darasani na uwanjani. Watakuuliza bendera, na hizo nataka uzijue kama unavyojua Fatiha. Njano ikipepezwa, kuna hatari mbele, usimpite mtu. Njano yenye mistari myekundu, barabara inateleza. Nyekundu, mbio zimesimamishwa, punguza mwendo urudi. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa pamoja na namba yako maana yake chombo chako kina hitilafu, huenda kinamwaga oili na hujui. Toka nje ya njia mara moja, usiseme nimalizie mzunguko huu. Ukishapata leseni utavaa kizibao cha rangi ya chungwa cha wanaoanza. Kivae bila haya. Wanaokuja nyuma wakikiona wanakupa nafasi.

Lakini kabla hujalipa hata ada moja ya kushindana, nenda ukajitolee kuwa marshali, yule anayeshika bendera kando ya njia. Hawatakudai kitu, wanahitaji watu kila wiki, na utasimama mita chache kutoka kwenye kona. Mimi nilichojifunza kuhusu mbio nilijifunzia pale. Mallory Park, kwa mfano, kona nyingi ni za kulia. Gerard's peke yake ni kona ndefu inayokugeuza karibu nusu duara, kwa hiyo upande wa kulia wa matairi unapata moto vizuri. Kisha unatoka kwenye ile kona ya kubana kule juu, unateremka mpaka Devil's Elbow, ambayo ni ya kushoto, na upande wa kushoto wa tairi bado baridi. Asubuhi ya ubaridi, mzunguko wa kwanza au wa pili, ukisimama pale utaona gurudumu la nyuma linavyochomoka ghafla, bila kutoa onyo. Ukishaliona kwa macho yako hakuna mwalimu atakayekuambia mara mbili upashe matairi kwanza.

Sasa gereji, maana hapa ndipo unapookoa fedha. Kazi zote fanya mwenyewe. Toa vioo, stendi, indiketa na taa ya mbele. Mwaga kulenti, ile dawa ya kupoozea injini, yote kwenye rejeta, suuza, weka maji matupu yaliyochujwa, kwa sababu ile dawa ikimwagika uwanjani inateleza kama mlenda na haikauki upesi. Msimu ukiisha mwaga na hayo maji, baridi ya huko kwenu Derby ikiyagandisha yatapasua injini.

Bolti ya kumwagia oili, kifuniko cha kujazia na filta ya oili lazima vifungwe kwa waya. Tumia biti ya drili ya milimita 1.5, mpya, na utie tone la oili. Usiikandamize, itakatikia ndani ya kichwa cha bolti. Pitisha waya wa chuma kisichoshika kutu, usokote kwa plaisi mpaka ukaze lakini usikatike, kisha uufunge mahali imara. La muhimu ni upande: waya uvute bolti kuelekea inakokazwa. Ukiuvuta upande wa kufungulia, umepamba tu. Ncha ikunje ndani isimchane mkaguzi mkono.

Utatakiwa pia uvae kidani chenye jina lako na tarehe ya kuzaliwa, ili daktari akikukuta hujitambui akujue. Nilimwambia mama yako habari ya kidani hicho, maana sitaki aisikie kwa mtu mwingine. Amesema atakitengenezesha mwenyewe kwa sonara, cha fedha, na atampa mtu anayesafiri mwezi ujao akuletee.

Matairi usinunue ya gharama, wala usihangaike na vile vibalanketi vya umeme vya kuyapashia moto. Kwa kasi yako ya mwaka wa kwanza hutaona tofauti. Fedha hizo peleka kwenye siku za mazoezi, kundi la wanaoanza, ambako hakuna anayepima muda. Mtu akikupita, mwache apite. Mwaka huu nakuomba umalize kila mbio utakazoanza, hata ukiwa wa mwisho.

Ukimpata muuzaji wa SV, usimlipe siku hiyo hiyo. Nipigie kwa video, uiwashe ikiwa ya baridi, uweke simu karibu na injini nisikilize mnyororo wa taimingi, ule wa ndani ya injini, kama unagonga. Muombe muuzaji asiwe ameiwasha kabla hujafika, na ukifika gusa ekzosi kwanza. Kama ina moto, kuna jambo anaficha. Na ukishaifunga waya, nitumie picha ya ile bolti ya oili, ya karibu, mchana kwenye mwanga, kabla hujaipeleka kwa wakaguzi.

Baba yako,
Tanga