Herufi moja ilifutika kwenye fotokopi, tukaimba makosa miaka 6

Mhariri,

Naomba nafasi niongee kuhusu zile karatasi za nyimbo ambazo wanakwaya hapa Nairobi wanashika kila Jumamosi kwa mazoezi, manake naona tunalipa nauli, tunashona yunifomu mpya karibu kila mwaka, tunachangisha pesa za spika, lakini karatasi yenyewe tunayoimbia hakuna mtu anauliza ilitoka wapi na nani aliiandika.

Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Eastlands na nimeimba besi tangu nikiwa shule ya upili. Kwaya yetu ina watu 38 na wengi wao wanasoma solfa, yaani nota zilizoandikwa kwa herufi kama d, m, s, lakini stafu, zile nota za kwenye mistari mitano, wanaiona tu mistari na vichwa vyeusi. Sioni aibu yoyote hapo. Solfa ilianzishwa na mama mwalimu wa Norwich huko Uingereza, Sarah Glover, halafu mchungaji John Curwen akaichukua akaiboresha na kuisambaza karne ya 19 ndio watu wasio na pesa ya piano nao waweze kuimba sauti nne, na wamisionari wakaja nayo, na mpaka leo ukitembea mitaa ya Nairobi Jumamosi jioni utasikia d, m, s zikitoka kwa kila kanisa.

Sasa sikiliza yaliyotupata. Kila Pasaka huwa tunaimba vipande vya Messiah, ule utungo mrefu wa kwaya na ala wa mtunzi Handel, na kuna ile korasi, yaani kipande cha kwaya nzima, ya maneno ya Isaya 53, "na kwa kupigwa kwake sisi tumepona". Ni fyugi, yaani sauti ya kwanza wanaanza peke yao, halafu sauti ya pili, ya tatu na ya nne wanaingia kwa zamu na melodi ile ile. Nota tano za kwanza kwa solfa ni m, d, f, se, l, na hiyo se ni s iliyopandishwa nusu hatua. Pale f inaposhuka mpaka se ndio moyo wa wimbo wote, sauti inaanguka mbali na inatua mahali panauma, sikio linakataa kabisa mpaka l ije iitulize, na si ndio maneno yanavyosema, hapo kuna mtu anapigwa.

Karatasi yetu ilikuwa imeandikwa m, d, f, s, l.

Herufi e ilikuwa imefutika, na shida ni kwamba ukiimba s badala ya se wimbo unateleza vizuri tu, hakuna kinachouma, kwa hivyo hakuna aliyeshuku. Tumeimba hivyo miaka 6, mbele ya waumini, mbele ya maaskofu, hata kwa mazishi. Mwaka jana akaja dada mmoja wa sauti ya pili kutoka kwaya nyingine, ana kitabu chake kilichochapishwa, zamu yake ya kuingia ikafika akaimba se na kila mtu akageuka kumwangalia kama amekosea. Nikasimamisha mazoezi. Tukaweka kitabu chake na karatasi yetu pamoja juu ya kinanda, tukamulika na tochi ya simu, na kweli kando ya ile s yetu kulikuwa na kidoa kidogo cheusi, ndicho kilichobaki cha e.

Nikaamua kufuata hiyo karatasi mpaka mwanzo wake. Yetu ilikuwa fotokopi ya fotokopi ya kwaya jirani, nao walitoa fotokopi kwa daftari la mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa muziki, na yeye alikuwa amenakili kwa kalamu kutoka kitabu cha zamani cha solfa. Nikaenda mpaka kwake, akanitolea lile daftari, na pale se iko wazi kabisa, mwandiko safi, hata ameipigia mstari chini. Kwa hivyo mzee hakukosea hata kidogo, ni mashine imekuwa ikila herufi moja moja kila tukipiga kopi. Kuwarudisha wanakwaya kwa se kulituchukua Jumamosi 3 nzima, na wengine mpaka leo sikio linawavuta kwa s, na siwalaumu, miaka 6 ni mingi.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu watu wakisikia mtu analilia toleo zuri la nota wanadhani ni maringo ya wasomi. Na pia wengi wanadhani Messiah ni moja. Handel aliiandika mwaka 1741 kwa siku 24 hivi, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, na baada ya hapo akawa anaibadilisha kila akipata waimbaji wengine, aria hii, yaani wimbo wa mtu mmoja, anampa huyu, ile anaiandika upya kwa yule. Skoa kamili, yaani kitabu chenye sauti na ala zote pamoja, haikuchapishwa mpaka 1767, miaka 8 baada ya yeye kufa. Halafu Mozart mwaka 1789 akaipangia upya na kuongeza ala za kupuliza, Ebenezer Prout akatoa toleo lake 1902, Watkins Shaw akatoa lake 1959 baada ya kurudi kwa miswada na kuondoa mengi yaliyokuwa yamebandikwa hapo katikati, na wachapishaji Bärenreiter wa Kassel huko Ujerumani nao wana lao. Zote hizo ziko Nairobi, kwa mabegi tofauti ya watu tofauti, na zinakutana Desemba kwenye tamasha moja.

Na zikikutana ni fujo. Kwenye vitabu vya Novello, wachapishaji wa Uingereza, korasi ya Haleluya ni namba 44, kwa Bärenreiter ni namba 39. Tuliwahi kuungana kwaya tatu, mwongozaji akasema twendeni 44, nusu ya watu wakafungua pengine kabisa, akasema basi ukurasa fulani, ikawa mbaya zaidi, na ukumbi tulikuwa tunalipia kwa saa. Ilibidi tuanze kuitana kwa maneno ya kwanza ya kila kipande.

Kuna jambo lingine dogo lakini linanikera sana. Zile alama za imba polepole, ongeza sauti, punguza sauti, wanakwaya wetu wanazifuata kama Maandiko, na kwenye matoleo mengi ya zamani nyingi si za Handel, ziliongezwa na wahariri wa karne ya 19 walivyopenda wao. Toleo zuri linakuonyesha, hapa ni mtunzi, hapa ni mhariri ameongeza, kwa hati ndogo ama kwa mabano. Nadhani wewe Mhariri unaelewa hilo kuliko wengi, kwa sababu ukikata barua ya mtu ama ukiongeza neno unajua umeshika kitu cha mwenyewe.

Kwa upande wa ala ni hivyo hivyo. Tuna vijana kanisani, wawili wa vayolini, mmoja wa selo na mmoja wa kinanda, wamepata moto wa kupiga sonata za mtunzi Mwitaliano Corelli, zile za opus 1, yaani mkusanyo wake wa kwanza, zilizochapishwa Roma mwaka 1681. Zinaitwa trio, yaani za watatu, lakini zilichapishwa parti nne, kila mpigaji na karatasi yake, kwa hivyo walikuwa watu kamili. Wakapakua nakala ya zamani kwa simu, wakachapisha, na yule wa kinanda akakuta amepewa mstari mmoja tu wa besi na namba chini yake, 6, 7, 5, 4. Akafikiri ni namba za vidole. Akahangaika wiki nzima kuweka kidole cha 6 ambacho hakuna! Hakuna mtu alikuwa amemwambia kwamba zile ni koda, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, kwamba ukiona nota E ina 6 chini yake unashika E na mkono wa kulia unaongeza G na C, na wapiga kinanda wa enzi hizo walikuwa wanajaza wenyewe hapo hapo. Matoleo ya sasa mengi huwa yamejaziwa hiyo mkono wa kulia na mhariri. Nilipomwonyesha huyo kijana uso wake ulibadilika, na siku hizi anajaza mwenyewe, kila Jumapili tofauti.

Sasa ombi langu. Watunzi Handel, Bach na Vivaldi wote walikufa kati ya 1741 na 1759, na sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hivyo nyimbo zenyewe hazidaiwi na mtu. Toleo jipya la mtu aliye hai ni jambo lingine, huyo amekaa miaka na miswada na tusimwibie kwa fotokopi, nasema hivyo nikijua kwaya yetu pia imewahi kufanya hivyo. Lakini matoleo makubwa ya zamani, kama yale ya Bach-Gesellschaft, chama cha Ujerumani kilichochapisha kazi za Bach, yaliyotoka 1851 mpaka 1899, yako bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, na nyimbo za kwaya ziko nyingi sana kwenye tovuti ya CPDL. Shida ni kwamba nyingi zimekuja kwa stafu peke yake, maneno mara nyingi ni Kijerumani au Kilatini, na mwimbaji wangu wa solfa anabaki pale pale alipokuwa.

Tutengeneze matoleo yetu. Stafu juu, solfa chini yake, maneno ya asili na Kiswahili pamoja, na ukurasa mmoja mbele unaosema tumenakili kutoka wapi na tumebadilisha nini. Programu ya kuandikia nota kama MuseScore ni ya bure na laptopu ya kawaida inaibeba. Vyuo vyetu vikuu vina idara za muziki, kila mwanafunzi akipewa korasi moja aiandike na mwalimu aikague, kwa miaka michache tutakuwa na kabati zima. Na maktaba zetu za kaunti, kwa nini zisiwe na rafu ya nota ambapo kwaya inaazima nakala 40 za toleo lile lile kwa miezi 2 halafu inarudisha? Kununua vitabu 40 kutoka Ulaya pamoja na kuvisafirisha ni harambee, najua kwa sababu tulijaribu tukashindwa, lakini kuazima kila kwaya inaweza. Handel mwenyewe kwenye wosia wake aliwaachia Foundling Hospital, makao ya watoto waliotelekezwa kule London, skoa safi ya Messiah na parti zote, ndio waendelee kuiimba bila kumtafuta mtu. Karatasi hizo ziko mpaka leo.

Na wale wazee wenye madaftari ya solfa, tafadhali msiyachome na familia zisiyauze kwa kilo. Hata mkichoka kuyahifadhi, pigeni picha kila ukurasa, kwa mwanga mzuri, kabla panya hawajafika.

Mimi nimeanza na ile korasi iliyotuaibisha. Maneno ya Isaya yameingia vizuri kuliko nilivyotarajia, na-kwa-ku-pi-gwa, silabi tano kwa nota tano, na ile "pi" yenye mkazo imetua juu ya se yenyewe. Sauti ya kwanza na ya pili ziko tayari na zimekaguliwa na watu watatu. Ya tatu na ya nne natumaini nitamaliza kabla ya Kwaresima.

Mwalimu wa kwaya,
Eastlands, Nairobi