Wito wa Harambee: Tuwalipe Wapigaji wa Tamasha la Watunzi Weusi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, saa kumi jioni, kanisa letu hapa kusini mwa London litakuwa na tamasha la muziki wa klasiki: fidla mbili, viola, chelo na klarineti. Kazi zote zitakazopigwa zimetungwa na watu weusi. Kiingilio ni bure. Kamati inaomba pauni 3,500, na katika hizo 2,500 ni malipo ya wapigaji watano kwa mazoezi na tamasha lenyewe.

Wapo waliotuuliza, tena kwa nia njema, kwa nini wapigaji hao wasijitolee, maana ni kazi ya Mungu. Jibu letu ni maisha ya mtunzi Samuel Coleridge-Taylor.

Alizaliwa Holborn mwaka 1875. Mama yake alikuwa Mwingereza. Baba yake, daktari kutoka Sierra Leone, alirudi Afrika bila kumwona mwanawe. Alikulia Croydon, hapa jirani, na alipofika miaka 15 akaingia chuo cha muziki cha Royal College of Music. Mwalimu wake, Stanford, alisema kwamba baada ya Brahms, mtunzi Mjerumani, hakuna awezaye kuandika kwinteti ya klarineti (kazi ya klarineti na ala nne za nyuzi) bila kufuata nyayo za Brahms huyo. Kijana akaenda akaiandika, mwaka 1895, angali mwanafunzi. Ndiyo itakayofunga tamasha letu.

Miaka mitatu baadaye kazi yake ya kwaya na okestra, Hiawatha's Wedding Feast, ikaimbwa kwa mara ya kwanza, na kwaya za Uingereza nzima zikaigombania. Yeye alikuwa ameshaiuza kwa mchapishaji kwa gini 15, basi (gini moja ilizidi pauni kidogo tu). Nakala zikauzwa kwa maelfu, mrabaha hakupata. Akaendelea kufundisha, kuongoza kwaya na kuamua mashindano ili familia yake ipate kula. Agosti 1912 alianguka katika stesheni ya West Croydon, na siku chache baadaye nimonia ikamuua akiwa na miaka 37, akiacha mke na watoto wawili. Hapo ndipo likaandaliwa tamasha katika ukumbi wa Royal Albert Hall la kuichangia familia. Watu walitoa kwa moyo, hilo tunalishukuru, lakini waliyemtolea alikuwa ameshazikwa katika makaburi ya Bandon Hill.

Kisa chake ni kimojawapo cha vilivyosukuma kuundwa kwa chama cha kukusanya haki za watunzi hapa Uingereza mwaka 1914. Kwa hiyo ada ya leseni iliyomo katika bajeti yetu msiione kama usumbufu wa serikali. Tunailipa kwa furaha.

Tutasikia pia nyimbo tano za asili alizozipanga Florence Price, mtunzi Mmarekani, kwa ala nne za nyuzi. Mwaka 1933 Chicago Symphony Orchestra ilipiga simfoni yake (kazi ndefu ya okestra), na ilikuwa mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya Marekani kupiga simfoni ya mwanamke mweusi. Alifariki 1953. Mwaka 2009, katika nyumba iliyotelekezwa kule St. Anne, Illinois, ambamo zamani alikuwa akikaa majira ya kiangazi, wanunuzi walikuta marundo ya karatasi zake, zikiwemo konserto mbili za fidla (kazi za fidla moja na okestra). Mti ulikuwa umeshaangukia paa. Fikirini mvua chache zaidi zingefanya nini.

Mtunzi Mmarekani George Walker naye yumo, kwa sehemu ya pili ya kwarteti yake (kazi ya ala nne za nyuzi) ya 1946, aliyoiandika kumkumbuka bibi yake, mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa. Na kutoka kwetu Afrika Mashariki tuna Mganda, Justinian Tamusuza: sehemu ya kwanza ya kwarteti yake ya Njia ya Msalaba ilirekodiwa na kundi la Kronos Quartet katika albamu ya mwaka 1992. Imejaa midundo ya Buganda. Waliokulia Bukoba hawatahitaji kuelezwa.

Kwaya zetu zinaimba Haleluya ya Handel tangu nyumbani, kwa solfa, na tutaendelea kuiimba kwa sababu tunaipenda. Lakini watoto wetu wanaobeba fidla kwenda shule wanastahili kuwekewa mbele pia nota za watu wanaofanana nao, na kuona wanaozipiga wakiheshimiwa.

Usharika wetu una jumuiya tano na wapigaji ni watano. Tunaomba kila jumuiya imbebe mmoja, yaani pauni 500. Zinazobaki 1,000 ni za vitabu vya nota, leseni, viti vya kukodi na basi la watoto. Kadi za michango ziko kwa wazee wa jumuiya. Bahasha zipo mlangoni. Kila Jumapili ya Septemba kutakuwa na mnada baada ya ibada, kwa hiyo leteni maandazi, kachumbari, vitenge, mboga za bustanini, chochote kinachouzika. Akina mama wameshajitwika pilau na chai ya siku hiyo, na hiyo haimo katika hesabu hii. Mungu awabariki.

Ahadi zote zikamilishwe ifikapo Jumapili ya mwisho ya Septemba kwa mweka hazina. Tumewaahidi wapigaji kwamba watalipwa siku ileile, kabla hawajafungasha ala zao.

Kamati ya Maandalizi ya Tamasha