Leso ya mafiga mawili

Mwanangu,

Tuko mji mmoja, Nairobi, wewe Kawangware mimi Islii, matatu mbili tu, na bado nakuandikia barua kama mtu aliye ng'ambo. Sababu unaijua. Kwa simu, tukilikaribia lile jambo, mmoja wetu husema mtandao mbaya. Ana kwa ana mimi hupandisha sauti. Basi leo nimechukua kalamu.

Kwanza kazi. Leso uliyoniachia kwa jirani wa chini nimeipata. Nimeifua mara mbili kabla ya kusema lolote, kama ninavyofanya na leso yoyote inayotoka kwa mchapaji nisiyemjua. Maji ya kwanza nyekundu ilichuja kidogo, ya pili haikutoa kitu. Pindo lina maua mengi mno, kama mtu aliyevaa kilemba kikubwa kuliko kichwa. Na jina umeliweka juu sana. Mwanamke akijifunga, linaingia kiunoni kwenye mkunjo, halisomeki. Jina la leso, yaani yale maneno yake, hukaa upande wa chini wa mji, ule uwanja wa katikati, juu kidogo ya pindo, ili anayekufuata nyuma alisome huku wewe unajifanya huna habari. Haya nilikufundisha ukiwa na miaka saba, umekaa juu ya robota la leso unakula mabuyu, ukinichafulia mali.

Sasa ya maonyesho yenu ya mwaka jana. Nilikuja na buibui langu, nikasimama mbele ya leso yako iliyotundikwa ukutani, herufi kubwa kama za bango la mkutano: NAMPENDA MWANAMKE MWENZANGU, SHERIA YENU NI YENU. Sikufika hata kwenye kazi za wenzako. Nilitoka. Ukanifuata hadi langoni, nikakwambia leso haipigi kelele, huo si ufundi. Ukanijibu kwamba mafumbo ni woga, na kwamba nimeishi maisha yangu yote nikijificha nyuma ya pamba.

Nikubali moja. Niliposema ufundi, nusu yake ilikuwa uongo. Macho yangu yalikuwa mlangoni, natazama nani anaingia ambaye ananijua. Lakini ile nusu nyingine ilikuwa kweli, na ndiyo ninayotaka kukueleza.

Nyanya yako alipoletewa mke mwenza pale Mombasa, hakutukana. Alikwenda Biashara Street, akachagua leso iliyoandikwa KITANDA USICHOKILALIA HUJUI KUNGUNI WAKE. Akaivaa siku tatu mfululizo, akichota maji, akifagia, akipita mbele ya mlango wa mwenzake polepole kama mgonjwa wa miguu. Mtaa mzima ulijua. Yule bibi alilia. Babu yako alikasirika, lakini angefanya nini? Nani ameshawahi kumpeleka mkewe kwa kadhi kwa sababu ya leso? Uniambie kama huo ni woga. Ule ni ujeuri uliovaa heshima. Kila leso ina mtu wake, mwanangu, na huyo hana haja ya kutafsiriwa.

Ndiyo maana nikajiuliza, ile ya ukutani mtu wake ni nani?

Najua ilikotoka. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba kuwanyima watu kama nyinyi haki ya kusajili chama ni ubaguzi. Mji ukawaka. Mimbari zikawaka, zetu na za kanisani, kwa mara moja tukapata jambo la kukubaliana. Mei ya mwaka huohuo Uganda ikapitisha sheria yenye hukumu ya kifo ndani yake. Na hapa kwetu mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akaja na mswada wake, akauita wa kulinda familia. (Familia yetu ni mimi na wewe tangu babako afariki. Sikumbuki kumwomba mbunge yeyote aje kuilinda.) Na yote hayo juu ya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ambacho kilikuwapo tangu ukoloni, miaka 14 jela, na ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Hasira yako naielewa. Ila mbunge havai leso. Ulichapa nguo nzima ya pamba kumjibu mtu ambaye hatajifunga hata siku moja.

Utaniambia kuna anayelazimika kuijibu serikali. Kweli, yupo. Wanuri Kahiu alipotengeneza filamu yake ya wasichana wawili, Rafiki, bodi ya filamu ikaipiga marufuku Aprili 2018, ikataka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Hebu fikiria, matumaini kuwa kosa! Yeye alikuwa hana njia ila mahakamani, na Septemba akapewa siku saba za kuionyesha. Wiki hiyo uliniambia unakwenda maktaba. Nilikuta kipande cha tikiti ya sinema ya Prestige kwenye suruali yako nilipokuwa nafua. Nikakitupa, nikanyamaza. Leo naona kunyamaza kule hakukuwa ustaarabu hata kidogo.

Baada ya kugombana langoni nilimwomba kijana wa duka la simu aniangalizie wengine wanafanyaje. Nilitaka ushahidi wa kukushinda, nisikufiche. Akanionyesha picha ya mchoraji Michael Armitage, huyu aliyezaliwa hapahapa Nairobi: wanaume wawili wanabusiana, ameichora mwaka 2014, Uganda ilipokuwa na ile sheria yake ya kwanza. Macho yangu hayakukaa kwenye busu. Yalikaa kwenye kitambaa. Hakuchora kwenye turubai, alichora kwenye lubugo, gome la mti ambalo Waganda huzikia wafu wao. Kimeshonwashonwa, kina matundu, naye ameyaacha. Muuza nguo akiona hivyo hahitaji maelezo ya ukutani. Halafu kijana akanionyesha leso za marehemu Kawira Mwirichia, za mwaka 2017. Alikusudia kila nchi duniani iwe na leso yake ya mapenzi ya watu kama nyinyi. Msichana wa bara huyo, wala si wa pwani, na pindo zake zimekaa mahali pake kukushinda wewe uliyelelewa dukani. Nilisikitika kusikia alifariki 2020. Ningempa punguzo.

Usiku ule nilitoa leso zangu za zamani sandukuni nikawa nazisoma. Moyo umekuchagua, mpenzi. Nakupenda, usinitese. Wako ni wako. Nimeuza leso zaidi ya miaka thelathini, za harusi, za arubaini, za kumrudisha mume na za kumfukuza, na hakuna hata moja inayosema huyo mpenzi ni mume au ni mke. Kiswahili hakiulizi. Mpenzi ni mpenzi, yeye ni yeye. Wangapi wamepita mbele yangu, wakanunua doti, wakaenda kumpa mtu ambaye sikumjua, nami nikarudisha chenji na kusema hongera? Na mwanangu mwenyewe nilishindwa kumrudishia hata salamu.

Ya dini sitayaandika hapa. Mimi na Mola wangu tunayazungumza alfajiri, na mpaka sasa hajaniambia nikufunge mlango.

Mwaka 2014 yule mwandishi Binyavanga Wainaina alimwandikia mamake kumwambia alivyo, na mama mwenyewe alikuwa amekufa tangu mwaka 2000. Nilisikia habari hiyo redioni zamani, nikatingisha kichwa kama wenzangu dukani. Juzi imenirudia nikiwa napika. Nikazima jiko, nikakaa. Mimi bado niko hai, nina macho, naweza kusoma.

Sasa leso yako ya pili, hii uliyoniachia kwa jirani. Mafiga mawili katikati ya mji, juu yake chungu, na mvuke unatoka. La tatu hulioni. Na jina: MAFIGA MAWILI NA CHUNGU KIMETULIA. Niliicheka peke yangu jikoni, halafu machozi yakaja, maana hiyo haikuwa ya mbunge wala ya bodi. Mtu wake ni mimi. Ni mimi niliyekuwa nikikwambia tangu umevunja ungo kwamba nyumba bila mwanamume ni chungu kilichoinama.

Jana nimeivaa dukani. Jina nimelitoa mkunjoni kwa nguvu, nikalishusha, likaonekana. Mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Pangani, akaja nyuma yangu akasoma kwa sauti. Akasema, "Mafiga mawili yatainjika chungu kweli?" Nikamwambia, "Waulize waliokula." Akanitazama sana. Nikadhani ataondoka. Akauliza bei.

Basi nichapie doti kumi. Jina lishushe. Maua ya pindo punguza nusu, na ile nyekundu itie chumvi au chochote mnachotia siku hizi, isichuje. Nitalipa nusu sasa na nusu zikiisha, kama ninavyowalipa wengine, usitegemee huruma. Na yule mwenzio, mrefu, aliyekuwa amekushikia mkoba siku ile langoni nami nikampita kama nguzo ya stima, mje naye kuzileta. Doti kumi kwenye matatu ya jioni si mzigo wa mtu mmoja.

Mamako