Ng'oeni ile miche kwenye tuta la bwawa

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu lilipokuwa na kurasa nane, na sijawahi kukuandikia. Hata siku mlipotangaza kifo cha mtu ambaye asubuhi ile alikuwa amekaa pembeni yangu analisoma gazeti lenyewe, nilinyamaza. Lakini ile habari ya wiki iliyopita, ya wakubwa waliokwenda kupanda miche juu ya tuta la bwawa letu, chini ya kichwa kinachosema bwawa "lavaa kijani", imenikaba kooni.

Nianze na picha. Mmeweka picha ya bwawa la zege, ukuta mwembamba uliopinda kama upinde katikati ya majabali mawili. Bwawa mnalolizungumzia ni la udongo. Halina ukuta. Ni udongo ulioshindiliwa tabaka juu ya tabaka, mfinyanzi katikati, mawe upande wa maji, nyasi upande wa pili, na mto mzima umeuegemea. Kisha mkaandika kwamba lina uwezo wa kuhifadhi "lita milioni mbili". Lita milioni mbili ni mita za ujazo 2,000, Mhariri. Hilo ni dimbwi la kuogelea. Nadhani mlikusudia mita za ujazo, lakini basi mmekosea mara elfu moja, na hilo nalo niliache lipite.

Nisichoweza kukiacha ni miche. Mwandishi wako ameandika kwa furaha kuwa miti ile "italinda tuta dhidi ya mmomonyoko". Kwenye kilima sawa, kwenye kingo za mto sawa. Kwenye tuta la bwawa la udongo, mti ni adui aliyekaribishwa kwa makofi. Mzizi unafuata unyevu, na unyevu uko ndani ya tuta, kwa hiyo ndani ndiko unakokwenda. Mti ukifa, mzizi unaoza na kuacha bomba. Upepo ukiuangusha, unaondoka na fungu la udongo lenye ukubwa wa chumba. Ukiwa mzima bado, kivuli chake kinaua nyasi, na vichaka vinavyoota chini yake vinaficha mashimo ya wanyama wanaochimba. Tuta linataka nyasi fupi, zilizofyekwa, ili mtu anayepita aone kwa macho yake palipolowa, palipotitia na palipotoboka. Mafundi waliolijenga walituambia hivyo, na kwa miaka mingi kulikuwa na kibarua mwenye fyekeo ambaye hakuwa na kazi nyingine. Kibarua aliondolewa ili kubana matumizi. Sasa tumepata miche, kila mmoja na kibao cha jina la mgeni aliyeupanda. Nani atathubutu kung'oa mti wenye jina la mkubwa?

Nayasema haya kwa kuwa nalima chini ya tuta hilo, mfereji wa pili kutoka kwenye banio, pale maji yanapoingizwa mferejini. Msimu wa mvua uliopita, bwawa likiwa limejaa karibu kufikia utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji yaliyozidi, niliona kwenye kitako cha tuta mahali penye upana wa sinia pakitoa maji. Maji kuvuja kidogo kwenye bwawa la udongo si ajabu, yote yanavuja. Swali ni moja tu: yanatoka maangavu au yanatoka na tope? Yakitoka maangavu, yanapita. Yakitoka na tope, yanabeba tuta kutoka ndani, punje kwa punje, na kila punje inayotoka inaipanua njia. Basi nikatafuta chupa mbili za kioo, nikazikinga pale, nikaziacha zitulie usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na mchanga laini chini ya kila chupa. Nikaifunga chupa moja kwenye baiskeli nikaenda ofisi ya bwawa, mjini. Mlinzi akaniambia vimiminika haviruhusiwi. Nikamsihi, akaniruhusu kuingia nikiwa nimeishika mkononi aione. Msichana wa mapokezi akaitazama ile chupa, akaniambia kwa upole kwamba maabara ya zahanati iko upande wa pili wa barabara na mkojo unapokelewa kabla ya saa nne. Nilipomweleza ni maji ya bwawa, akanipa fomu. Fomu ilikuwa ya malalamiko ya ankara. Hapakuwa na sehemu ya kuandika "tuta linatoka". Nikaandika kwenye nafasi iliyoandikwa "namba ya mita". Nikasubiri hadi saa nane. Mhusika alikuwa semina. Kesho yake alikuwa semina. Siku ya tatu alinipokea kwa simu, akaniuliza nina elimu gani ya mabwawa, na nilipomjibu kwamba nina chupa, akacheka, Mhariri, akacheka kwa sauti, halafu akasema bwawa limekaguliwa na liko imara. Lilikaguliwa lini? Na nani? Kwa sababu mimi niko pale kila siku inayopambazuka na sijaona mtu akikanyaga kitako cha tuta, wote wanaishia juu, panapofika gari, wanapiga picha na upepo mwanana, wanarudi. Chupa yenyewe walibaki nayo. Natumaini hawakuipeleka maabara.

Huyo aliyecheka namshauri asome habari za bwawa la Teton, kule Idaho, Marekani. Nalo lilikuwa la udongo, na lilijengwa kwa kazi hizi hizi, umwagiliaji na kuzuia mafuriko, pamoja na umeme. Lilikuwa jipya kabisa, linajazwa maji kwa mara ya kwanza. Siku mbili kabla, walioko pale waliona chemchemi ndogo zikitoka chini ya bwawa, maji maangavu. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 maji yakaonekana yana tope. Wakapeleka makatapila mawili kusukuma udongo kwenye tundu. Tundu likayameza makatapila yote mawili, madereva wakaponea chupuchupu. Kabla saa sita mchana haijatimia, bwawa halikuwepo tena. Watu 11 walikufa, na ilikuwa mchana, na watu walitahadharishwa. Bwawa la Solai, kule Kenya, lilipopasuka Mei 2018, ilikuwa usiku. Derna, Libya, Septemba 2023, yalikuwa mabwawa mawili ya udongo na mawe, usiku vilevile, na waliokufa ni maelfu. Kule Derna mtaalamu wa maji alikuwa ameandika mwaka mmoja nyuma kwamba yanahitaji matengenezo. Sijui kama naye alipewa fomu ya ankara.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, niseme na la utoro. Utoro wa maji ni ile njia ya pembeni inayotoa maji bwawa likijaa, ili yasipite juu ya tuta. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, habari imekwisha, yanalilamba kama sukari. Utoro wetu sasa umezibwa kwa wavu. Jumuiya ya wafugaji wa samaki imeruhusiwa kuufunga ili samaki wasikimbie, na wavu umeshika magogo, matete na mabunda ya nailoni. Samaki ni mali, sikatai. Lakini bwawa la South Fork, Pennsylvania, nalo liliwekewa vyuma kwenye utoro ili samaki wa matajiri wa klabu moja wasitoroke, na kilele cha tuta kikapunguzwa ili magari ya farasi yapishane vizuri. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilinyesha, bwawa likapasuka, na mji wa Johnstown ulio chini yake ukapoteza watu zaidi ya 2,200.

Halafu kuna la mshika geti, anayefungua na kufunga maji ya bwawa. Huyu maskini ana mabwana wawili. Watu wa kuzuia mafuriko wanataka bwawa liwe na nafasi kabla ya mvua. Sisi wa mashamba tunataka lijae. Wote wanampigia simu, na mwenye sauti kubwa ndiye anayefunguliwa au kufungiwa geti. Mwaka jana sisi ndio tuliopiga kelele zaidi. Nakiri. Kungekuwa na ratiba iliyobandikwa ukutani, tarehe fulani maji yawe kimo fulani, tusingefika huko.

Mtaniuliza tufanyeje, basi nasema. Miche ing'olewe mwezi huu ikiwa bado na mizizi ya kidole, kila mgeni akabidhiwe wake pamoja na kibao chake akaupande nyumbani kwake. Kibarua mwenye fyekeo arudishwe. Wavu utolewe. Na ofisi ya bwawa, ile yenye viyoyozi mjini, ihamie chini ya tuta, hatua 200 kutoka kitakoni, madirisha yakitazama udongo. Mkuu wa ofisi apewe nyumba hapo hapo, alale na familia yake kuanzia mvua ya kwanza mpaka ya mwisho. Nina hakika fomu sahihi itachapishwa ndani ya juma moja.

Chupa ya pili ninayo dirishani. Mchanga uliotuama una kimo cha kucha ya kidole gumba, na nimeweka alama kwa kalamu. Mwandishi wako akitaka aje auone. Aje na viatu vya tope, maana gari haifiki.

Mkulima wa mfereji wa pili