Kioo cha mlangoni kisiwe kioo cha dirishani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloninyima usingizi. Mimi ni fundi wa aluminiamu na vioo, naishi Mbagala. Nilisomea useremala VETA Chang'ombe, nikahamia kwenye aluminiamu wateja walipoanza kuulizia madirisha ya kuslaidi. Huu ni mwaka wangu wa 17 katika kazi hii.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Tabata alinipigia simu niende nikabadilishe kioo cha mlango wa sebuleni. Nilipofika niliutambua ule mlango kabla sijashusha vifaa. Ni kazi ya mikono yangu, ya miaka minne nyuma. Mwanawe wa miaka sita alikuwa akikimbizana na mdogo wake, kioo kimetoka kufutwa muda si mrefu, kinang'aa, mtoto akadhani mlango uko wazi. Mkono ndio uliotangulia. Kioo kikapasuka vipande virefu vyenye ncha, kimoja kikamchana kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Alishonwa nyuzi 19, na vidole viwili mpaka leo havijakunjika vizuri.

Kilikuwa kioo cha kawaida cha milimita 6. Siku ile naweka, baba mwenye nyumba aliniuliza kama kinafaa mlangoni. Nikamjibu, "Kaka, kila mtu anaweka hiki." Tofauti nilikuwa naijua. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa nikimtajia bei ya kioo cha tempa atakwenda kwa fundi mwingine.

Wasomaji wengi hawajaelezwa tofauti hiyo, kwa hiyo nieleze. Kioo cha kawaida kinakatwa palepale saiti kwa kisu cha kioo, na kikivunjika kinatoa mapanga. Kila mita moja ya mraba ya milimita 6 ina kilo 15, kwa hiyo kioo cha mlango cha sentimita 80 kwa mita 2 ni kilo 24. Fikiria uzito huo ukimshukia mtoto ukiwa vipande vyenye makali. Kioo cha tempa kinaanza kama hicho hicho, lakini baada ya kukatwa kwa vipimo, kusagwa kingo na kutobolewa matundu ya bawaba na kitasa, kinaingizwa kwenye tanuru la joto la zaidi ya nyuzi 600, kisha kinapigwa upepo wa baridi pande zote mbili kwa ghafla. Ngozi ya nje inaganda kwanza, na ndani inapopoa inaivuta ile ngozi na kuibana. Kubanwa huko ndiko kunakokipa nguvu kama mara nne ya kioo cha kawaida. Kikizidiwa kinamwagika chote kwa mpigo, vipande vidogo kama punje za mahindi. Utachubuka, lakini si rahisi ukatwe mshipa.

Sisi mafundi hatukipendi, na sababu si bei peke yake. Kikishatoka tanurini hakikatwi tena wala hakitobolewi. Ukikosea vipimo kwa sentimita moja, umenunua kioo cha kuegesha ukutani. Na kuta zetu za tofali mara nyingi hazijanyooka. Kwa hiyo kioo cha tempa kinamtaka fundi asubiri plasta na vigae vimalizike, apime juu, katikati na chini, achukue kipimo kidogo kuliko vyote, kisha aache nafasi ya raba. Nafasi hiyo ni ya lazima, maana aluminiamu ikipata joto hutanuka zaidi ya mara mbili ya kioo. Mwenye nyumba anayemsukuma fundi apime leo ili ahamie Jumamosi ajue anajinunulia hasara.

Kwa vibaraza vya ghorofani na paa la kioo, tempa peke yake haitoshi, kwa sababu ikivunjika inawamwagikia walio chini. Huko kunatakiwa kioo cha lamineti, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Kila aliyepanda daladala amekiona: kioo cha mbele kimepasuka kama utando wa buibui na gari bado linapiga ruti. Kioo kisicho na utando huo huruka vipande. Tarehe 7 Agosti 1998, siku zilipolipuliwa balozi za Marekani hapa Dar es Salaam na Nairobi, kule Nairobi watu wengi maofisini walisikia mlio wa kwanza wakasogea madirishani kuchungulia. Mlipuko mkubwa ulipokuja, vioo viliwapiga usoni, na wengi walipoteza macho. Tangu nilipolifahamu hilo sijawahi kukitazama kioo kama pambo tu.

Sisemi nyumba nzima ijazwe tempa. Dirisha la chumbani lililoanzia usawa wa kiuno, lenye nondo na wavu, milimita 5 za kawaida zinatosha. Nazungumzia milango, kioo kilicho ubavuni mwa mlango, kioo chochote kinachoanzia chini karibu na sakafu, bafuni, na kwenye ngazi. Katika nyumba ya vyumba vitatu mara nyingi hivyo ni vioo viwili au vitatu. Wateja wangu wengi wanatumia fedha nyingi kuliko bei ya vioo hivyo kwenye jipsamu ya sebule moja.

Na msikubali neno la mdomo. Nimekuta madukani kioo cha kawaida kilichobandikwa stika kikiuzwa kama tempa. Kitafuteni chenye alama ya kiwanda kwenye kona, iliyochomwa ndani ya kioo chenyewe, ambayo haikwanguki kwa ukucha. Aina ya kioo iandikwe kwenye risiti. Michoro mingi ninayokabidhiwa imeandikwa "kioo" basi, hata mahali penye mlango wa mita mbili. Naziomba halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi ziwadai wachoraji waandike ni kioo gani na cha unene gani. TBS, yaani shirika la viwango, nao wapite madukani waangalie hizo kona. Mafundi wenzangu, mteja akikuuliza, mwambie ukweli hata akiondoka.

Mlango wa Tabata nimeuwekea tempa kwa gharama yangu, na nikabandika mistari miwili ya stika, mmoja usawa wa macho ya mkubwa na mwingine usawa wa macho ya mtoto. Kisha nikafungua daftari langu la kazi nikahesabu milango 11 niliyoiwekea kioo cha kawaida katika nyumba zenye watoto. Wenye nyumba saba nimeshawapigia. Watatu wamekubali tubadilishe, nami sichukui pesa ya ufundi, wananunua kioo tu. Mmoja alinikatia simu. Wenye milango minne iliyobaki namba zao hazipatikani, kwa hiyo kuanzia Jumapili hii nawafuata majumbani, naanza na Yombo.

Fundi wa aluminiamu na vioo,
Mbagala, Dar es Salaam