Tunachanga Siku kwa Mwalimu wa Gredi ya 4

Salaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote: wazazi wetu, wanafunzi wetu wa zamani na majirani wa Likoni.

Mmezoea kuniona nikija na daftari la kuchangisha saruji na madawati. Mara hii daftari lina safu mbili, ya siku na ya shilingi, na naomba mnivumilie nieleze zote mbili.

Mwalimu wetu wa Gredi ya 4 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi mwezi Mei. Ameturuhusu tuutaje ugonjwa. Jina ameomba lisiandikwe, na wanaomjua wanamjua. Daktari amempangia dawa za kutundikiwa mara sita, kila baada ya siku 21, kisha mionzi ya siku 15 za kazi mwezi Oktoba. Dawa ya kwanza ametundikiwa mwanzoni mwa Juni. Siku ya nne akarudi darasani. Aliandika tarehe ubaoni, akaketi, akashindwa kuinuka. Watoto ndio waliokuja mbio kutuita.

Alirudi mapema kwa sababu siku zake za ugonjwa zimekwisha. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kwamba katika kila miezi 12, mfanyakazi aliye na cheti cha daktari apewe siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, halafu 7 nyingine kwa nusu mshahara. Zile 14 ziliishia kwenye upasuaji na kusubiri kidonda kifunge. Kuanzia ya 15, kulipwa ni hiari ya mwajiri, na shule yetu inaendeshwa kwa karo yenu tu. Mwalimu anamtunza mamake na watoto wawili. Mtu wa namna hiyo akiambiwa achague kati ya kitanda na mshahara, ataamka aje kazini hata kama anatapika njiani.

Nilipoangalia faili langu, nikaona siku zangu 7 za ugonjwa mwaka huu sijazigusa. Za mwaka jana sikuzigusa pia, na zilifutika tarehe 31 Desemba. Nikawauliza wenzangu, wengi wako kama mimi. Ndipo kamati yetu ya ustawi ikaenda kwa mkurugenzi, tukamuuliza swali moja: siku ambazo sisi wazima hatuzitumii, kwa nini asizitumie mgonjwa?

Mkurugenzi alikaa nalo wiki nzima. Kisha akakubali, na tukaandikiana. Kila mfanyakazi anaweza kumpa mwalimu siku zake za ugonjwa zisizozidi 4. Asiyeridhika na hizo anaweza kuongeza hadi siku 5 kutoka kwenye likizo yake ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 21 za kazi. Hapo tumeweka kikomo kwa makusudi, maana kila mtu anastahili angalau wiki mbili mfululizo za kupumzika, na hatutaki wema uzae mgonjwa mwingine. Aliyetoa akiugua kabla ya Desemba, haki yake ya kisheria iko palepale. Hataambiwa kwamba siku zake alizigawa.

Baadhi yenu mmeniuliza kama jambo hili limewahi kufanyika mahali. Limefanyika. Ufaransa, wafanyakazi wa kiwanda kimoja walimchangia mwenzao siku 170 ili akae na mwanawe Mathys, aliyekuwa mgonjwa wa saratani, na mwezi Mei 2014 likawa sheria ya nchi. Marekani, wafanyakazi wa serikali kuu wanaruhusiwa kupeana siku za likizo tangu sheria ya mwaka 1988. Hapa kwetu hakuna sheria inayotulazimisha. Tunafanya kwa kukubaliana.

Sasa hesabu. Kila akitundikiwa dawa anahitaji siku 5 za kulala. Mzunguko mmoja kati ya sita utaangukia likizo ya Agosti, kwa hiyo mitano iliyobaki, tukihesabu na ule wa kwanza, ni siku 25. Ongeza 15 za mionzi, unapata 40. Hadi leo tumekwisha kupata 23.

Lazima niseme habari ya mzee wetu wa lango. Alikuja na fomu yake alfajiri akitoka zamu, ameandika siku 3. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, siku ya mlinzi inaweza kulipa siku ya mwalimu kweli? Maana mishahara haifanani." Nilimjibu kile ambacho kamati ilikipigania mbele ya mkurugenzi mpaka kikaandikwa: siku ni siku. Ya mpishi, ya dereva, ya mwalimu mkuu, zote zinaingia kwenye daftari kwa uzito mmoja. Aliweka sahihi, akaenda kulala.

Siku zilizobaki tutazitafuta wenyewe ndani ya shule. Kwenu tunaomba shilingi, kwa mambo mawili ambayo siku haziwezi kuyalipa.

La kwanza ni mwalimu wa kushikilia darasa. Mkurugenzi ataulipa mshahara wa mgonjwa, lakini hana wa pili, na watoto 38 hawawezi kugawanywa kwenye madarasa mengine mpaka Oktoba. Kwa shilingi 1,200 kwa siku, siku 40 ni 48,000.

La pili ni usafiri. Feri ya Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu, tunajua. Lakini dawa hizi hushusha kinga ya mwili, na kumsimamisha katikati ya umati ule wa asubuhi ni kumtafutia homa. Safari zake ni 27: sita za dawa, sita za kupimwa damu kabla ya kila dawa, na 15 za mionzi. Tuktuk ya kwenda, kungoja na kurudi ni 1,200, jumla 32,400. Gharama za dawa zenyewe anazishughulikia kwa SHA, bima ya afya ya serikali, na familia yake. Hazimo katika ombi hili.

Zote pamoja ni shilingi 80,400. Wafanyakazi tumechanga 19,500. Zimebaki 60,900.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa tatu asubuhi, uwanjani chini ya mwarobaini. Asiyeweza kufika atapata nambari ya M-Pesa kwa mhasibu, ofisini, na kila mchango una risiti. Fedha zitatiwa sahihi na watu watatu, mmoja wao mwakilishi wa wazazi, na hesabu itabandikwa langoni kila Ijumaa. Mwenye tuktuk akijitolea safari moja, tunamwandika kuwa ametoa 1,200. Mwalimu mstaafu akija kutushikia darasa kwa siku mbili, tunamwandika 2,400.

Atatundikiwa tena wiki ijayo, Jumatatu. Wiki hiyo nzima imekwisha kulipwa: siku 3 za mzee wa lango, na 2 za mpishi.